Miaka ya kapiteni na hesabu yetu ya « Données, Formule, Solution »

Wandugu, kuko problemu moja ya hesabu yenye kila mutu anayefundisha angepashwa kujua. Mu 1979, watafiti wa IREM ya Grenoble, mu Ufaransa, waliuliza watoto 97 wa masomo ya musingi hivi: mu mashua kuko kondoo 26 na mbuzi 10, kapiteni iko na miaka ngapi? Watoto 76 walichukua zile namba na kutafuta jibu. 26 + 10 ni 36, kujumlisha hakuna kosa. Paka miaka ya kapiteni haikukuwa mu problemu. Stella Baruk, mwalimu wa hesabu, aliandika kitabu kizima juu ya ile mu 1985, na lawama aliweka kwa shule, hapana kwa watoto.

Minaona tuko na kapiteni wetu hapa kwetu.

Tunafundishaka kuandika ku tablo: « Données, Formule, Solution ». Mupango yenyewe ni muzuri. Mutoto akiandika hatua moja moja, mwalimu anaona fasi alipotelea: alisoma vibaya, alichagua formule mbaya, ao alikosea kuzidisha. Jibu peke yake, sawa ile tunachaguaka ku Exetat, haionyeshe kitu.

Shida ni vile tunaijaza. « Données » imekuwa kazi ya kunakili namba na kuacha maneno. Tena maneno yenyewe ni ya kifaransa. Wanaandika: Jean iko na mbuzi 12, « 5 de plus que Paul ». Paul iko na ngapi? Mutoto anaona « plus », anajumlisha, anapata 17. Jibu ni 7. Hatua zote ziko mu daftari, lakini hakuna mwenye alisoma.

Na sisi wenye diploma tusicheke. Tuangalie hesabu ya ku shamba. Shamba ya mahindi ni mita 40 kwa 25. Kati ya mistari ni 80 cm, kati ya mashimo 50 cm, mbegu 2 kila shimo. Eneo ni 40 × 25 = 1000 m². Shimo moja inachukua 0,8 × 0,5 = 0,4 m². Basi 1000 ÷ 0,4 = mashimo 2500, mbegu 5000. Kama mbegu 1000 zina gramu 300, tunahitaji kilo 1,5.

Sasa andika mu telefone 1000 ÷ 0,8 × 0,5, bila mabano. Kugawa na kuzidisha viko na nguvu sawa, kwa hiyo mashini inatoka kushoto kwenda kuume: 1250, kisha 625. Mwenye anajua « parantezi kwanza » sawa wimbo haone kosa, juu parantezi yenyewe haiko. Mwenye anajua kama 0,8 na 0,5 pamoja njo nafasi ya shimo moja, ataiweka: 1000 ÷ (0,8 × 0,5). Tena atashituka akiona 625, juu ile ni 1,6 m² kwa kila shimo. Mulimaji akifuata ile karatasi, atanunua gramu 375 za mbegu, na mvua haitamungoja arudi ku soko.

George Pólya, mu kitabu chake cha 1945 juu ya kutatua problemu, aliweka hatua nne: kuelewa, kupanga njia, kutenda, kisha kurudilia kuangalia. Sisi tunapimaka paka ya tatu.

Wengi kati yetu tunafundishaka watoto wa jirani mangaribi, tukingojea kazi. Minaomba vitu tatu. Mbele ya « Données », mutoto aeleze problemu kwa kiswahili, bila kutaja namba hata moja. Nyuma ya « Solution », aandike sentensi moja: jibu hii inawezekana, ao hapana, na juu ya nini. Tena siku moja moja mumupe problemu yenye haina data ya kutosha, na mumupe pointi zote akijibu: « haiwezekane kujua ».

Wenye mulishajaribu, watoto walijibu namna gani?