Wastani Haumjui Mhudumu wa Baa

Mtafiti wa afya anayefika Kakola, kando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ana swali la kujibu kabla hajafungua kisanduku cha vipimo: kijiji hiki ni nani? Yupo mwajiriwa wa mgodi, yupo mchimbaji mdogo anayehama dhahabu ikisikika kwingine, yupo mkulima aliyezaliwa hapo, yupo pia mwanamke aliyetoka mbali kuja kuhudumu baa au mgahawani. Daftari la kaya humnasa mkulima kirahisi na kumkosa mwanamke huyo anayelala chumba cha kupanga. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika ukanda wa dhahabu watu wagawanywe kwanza kwa kazi zao, ndipo wahesabiwe.

Ushahidi uko jirani, Geita. Utafiti wa VVU na magonjwa ya zinaa uliochapishwa mwaka 2003, katika jamii zinazouzunguka mgodi wa huko uliokuwa mpya wakati huo, uliwapima watu wa makundi manne, kila kundi likiwa na watu 200 na ushei. Wafanyakazi wa mgodi walikuwa na maambukizi ya VVU asilimia 6, wanaume wengine 16, wanawake wengine 18, na wanawake wanaofanya kazi kwenye migahawa na sehemu za starehe 42. Changanya makundi hayo sawasawa, utapata asilimia 20 na kitu. Tarakimu hiyo ingemtisha mfanyakazi wa mgodi zaidi ya mara tatu ya hali yake, na kuufuta nusu ya mzigo wa mhudumu wa baa. Mpango wa afya ungegawa huduma kwa usawa mahali ambapo hatari haina usawa.

Wapo watakaosema watu 200 ni wachache. Kwa kukadiria kiwango halisi ni wachache kweli, kwani asilimia 42 ya sampuli hiyo yaweza kuwa 35 au 49. Lakini asilimia 6 nayo, ukiipa nafasi yake ya makosa, haivuki 10. Pengo linabaki wazi. Hoja nzito zaidi ni kwamba kipimo cha mara moja hakisemi nani kamwambukiza nani, wala maambukizi yalipatikana lini. Hilo ni kweli, na kwa swali la lini dawa ni kuwafuatilia watu kwa muda, kama ulivyofanya utafiti maarufu wa Mwanza wa miaka ya 1990. Jamii 12 zilipangwa kwa jozi, sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya afya, na watu wazima wapatao 1,000 wa kila jamii wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 palipoboreshwa tiba na 1.9 kwingine.

Pingamizi linaloniuma ni la heshima: kulitaja kundi la wahudumu wa baa ni kuwatwika aibu. Aibu hiyo ipo, lakini kunyamaza hakuwakingi. Kuwataja ndiko kunakofungua mlango wa kuwafikiria. Miaka michache baada ya utafiti wa Geita, wanawake 821 wenye kazi za aina hiyo kaskazini-magharibi mwa Tanzania walishiriki jaribio la kuona kama dawa ya kutuliza virusi vya malengelenge ya sehemu za siri ingewapunguzia hatari ya VVU. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba haikupunguza. Hata jibu hilo ni haki yao, kwani limewaepusha na tumaini la uongo. Kinachodaiwa kwa watafiti ni kueleza kwamba hatari iko katika mazingira ya kazi na ujira mdogo, na kuwarudishia wanawake hao matokeo kabla hayajafika kwa wageni.

Atakayepanga utafiti Bulyanhulu aanze basi kwa kuorodhesha kazi, si nyumba. Mtu asiyeonekana kwenye daftari hataonekana kwenye bajeti ya zahanati.