Mamlaka ya Klasi Mzazi juu ya Mpangilio wa Utekelezaji: Uhakiki wa Methodi Kiolezo

Swali la nani anayeamua mpangilio wa utekelezaji, klasi mzazi au klasi mtoto, lina umri sawa na urithi wenyewe. Katika Simula 67, lugha ya programu iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, uamuzi ulikuwa wa mzazi: neno "inner" ndani ya mwili wa klasi mzazi lilionesha mahali ambapo maagizo ya mtoto yangetekelezwa. Smalltalk iligeuza utaratibu huo. Methodi ya mtoto ndiyo huiita ya mzazi kwa neno "super", au huiacha kabisa.

Kitabu cha Design Patterns cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides (1994) kinamrejeshea mzazi mamlaka hayo kupitia methodi kiolezo. Mzazi hushika mfuatano, naye mtoto hujaza hatua zilizoachwa wazi. Waandishi wanabainisha kuwa ni rahisi kusahau kuiita methodi iliyorithiwa, na hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja yao. Hata hivyo, ulinzi wanaoupendekeza unaishia kizazi kimoja.

Chukulia klasi Akaunti ambayo methodi yake ya kutoa fedha huhakiki salio, hupitia hatua ya wazi ya masharti ya ziada, hupunguza salio, kisha huweka kumbukumbu. AkauntiAkiba inaijaza hatua hiyo kwa kikomo cha siku. AkauntiMuda, inayorithi AkauntiAkiba, inaijaza upya kwa kukagua tarehe ya kuiva. Mfuatano wa Akaunti umebaki salama, lakini kikomo kimetoweka, na kompaila haitoi onyo lolote. Fedha zitatoka kinyume cha masharti ilhali kiolezo hakijavunjwa.

Tiba ni kila kizazi kuifunga hatua kilichoijaza na kufungua nyingine yenye jina jipya. Java huruhusu hilo kwa neno "final". C++, mojawapo ya lugha za mifano ya kitabu hicho, ililipata mwaka 2011 tu. Kwa kufanya hivyo, mtunzi wa programu anaijenga upya "inner" kwa mkono, pamoja na gharama yake: mtoto huongeza pale tu mzazi alipotabiri.

Kwa hiyo, methodi kiolezo inalinda mfuatano wa hatua, lakini hailindi maudhui ya hatua hizo. Anayeitumia katika urithi wa vizazi vingi hana budi kuvilinda vyote viwili.