Sifa za Ndoano

Huku kwetu Haut-Katanga mwaka wa mvuvi hauanzi Januari. Unaanza baridi inapokatika, mwishoni mwa Agosti. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na samaki wa maji ya karibu hupoteza hamu ya kula. Kisha jua la Septemba linaanza kuchoma, miti ya miombo inatoa majani mekundu kabla tone la mvua halijaanguka, na mtu wa ndoano anaanza kuyatazama maji kwa macho mengine. Mvua yenyewe bado iko mbali, mwisho wa Oktoba au Novemba. Kipindi hicho cha joto na vumbi wengi hukilalamikia. Mimi nakisifu, kwa sababu ndicho kinachoonyesha nani anajua kuvua.

Kiwanja cha kazi hiyo ni Ziwa Tshangalele. Ukitoka Lubumbashi unashika barabara ya Likasi, unaingia upande wa Kapolowe, na huko utakutana na mabeseni ya samaki kabla hujayaona maji. Ziwa hili lilifanywa na watu. Mwaka 1930 mto Lufira ulizibwa Mwadingusha ili maporomoko yake yatoe umeme wa viwanda vya shaba, na maji yakatandazika juu ya uwanda wa nyasi. Ndiyo maana ni pana sana na kina chake ni kifupi. Jambo hilo ndilo ufunguo wa kila kitu kitakachofuata: maji mafupi hupoa upesi, na hupata moto upesi vilevile.

Wakati wa baridi perege hukaa kwenye maji marefu zaidi, na chambo kinaweza kukaa asubuhi nzima bila kuguswa. Septemba ikiingia, ukingo hupata joto kabla ya katikati ya ziwa. Asubuhi bado ni kimya, lakini jua likishapita utosini samaki huanza kusogea kwenye matete. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, ukisukuma maji moto ya juu pamoja na kila kilichomo kuelekea ng'ambo. Mvuvi anayejua huenda kukaa upande ule upepo unakofikia, hata kama unampiga usoni. Tena, mitambo ya umeme inaendelea kunywa maji wakati mvua haijarudisha kitu, kwa hiyo ukingo unarudi nyuma kila wiki na kuacha utepe wa tope. Shimo lililokuwa na samaki wiki iliyopita leo ni nchi kavu. Hakuna mahali pa kudumu pa kuvulia. Kila siku mtu husoma upya.

Vyombo ni vichache: fimbo ya mwanzi, uzi mwembamba, ndoano ndogo, kipande cha tete kavu cha kuelea. Perege ana mdomo mdogo, na ndoano kubwa ni kumfukuza. Minyoo huchimbwa kwenye bustani za mboga zinazomwagiliwa, maana kwingine udongo umekuwa mgumu kama tofali. Asiye na minyoo hukanda bukari, yaani ugali mgumu, kidonge kidogo kisichozidi punje ya hindi. Mnyoo huvikwa kwenye ndoano mpaka ncha ifichike, na mkia wake huachwa ucheze kidogo.

Halafu kazi ni ya macho na kifundo cha mkono. Perege hazamishi tete kwa kishindo. Tete hutetemeka, hutulia, hutetemeka tena, na hapo ndipo mwanafunzi huvuta na kupata ndoano tupu. Fundi hungoja. Tete likianza kuteleza kwenda upande, taratibu, kana kwamba linavutwa na mtu anayetembea, basi samaki amekwisha kufunga mdomo. Fundi huinua kifundo tu, si mkono wote. Kambale ana sheria zake: usiku, chambo chenye harufu kilicholala chini kabisa, uzi mnene. Na yule samaki mla samaki, ambaye wavuvi wa upande wa Luapula wanamwita makobo, hutaka kidagaa hai kando ya matete asubuhi na mapema.

Lakini sijafika kwenye sifa kubwa ya ndoano. Joto hilo hilo linalomleta perege ukingoni linamleta kuzaa. Dume husafisha mahali chini ya maji mafupi na kupalinda. Jike hutaga hapo, kisha hukusanya mayai yake mdomoni na kuyalea humo mpaka vitoto viweze kuogelea. Mambo hayo yalichunguzwa kwenye ziwa hili hili na Mbelgiji Jean-Claude Ruwet, aliyechapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa mtu wa kutazama kweli: kutokana na kazi yake huku, ndege mmoja wa aina ya kwera anayepatikana Tshangalele alipewa jina lake, Ploceus ruweti, mwaka 1982.

Sasa fikiria. Jike mwenye mayai mdomoni karibu hali kitu. Mnyoo ukipita mbele yake, anauacha upite. Ndoano haimpati, kwa sababu ndoano huuliza, na samaki asiye na njaa hajibu. Wavu wa macho madogo hauulizi. Chandarua kinachokokotwa ukingoni hakiulizi. Kuzungushia wavu kwenye matete na kupiga maji kwa fimbo hakuulizi. Vyote hivyo humchukua mama pamoja na mdomo wake uliojaa, na kusambaratisha viota ambavyo madume wamevilinda. Msimu ambao samaki ni rahisi kuchukuliwa ndio huo huo ambao samaki wa mwaka ujao wanatengenezwa. Ndoano ndiyo chombo kinachoweza kufanya kazi humo bila kuvunja nyumba.

Siwalaumu wenye nyavu kwa wepesi. Watoto wanahitaji karo, na beseni la ndoano halijai haraka. Nyavu za macho makubwa, zikiwekwa kwenye maji marefu mbali na viota, zina haki yake. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kujua mahali pa kutotupa wavu hutoka kwa watu waliokaa ukingoni na fimbo. Watu hao hao ndio wa kwanza kuona maji yakibadilika rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima samaki wa bonde la Lufira ya juu na kukuta metali za migodini ndani yao. Bonde ambalo UNESCO ililiandikisha kuwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 1982 linahitaji mashahidi wa kila siku, na mvuvi wa ndoano ni shahidi asiyelipwa.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka na samaki hula kwa pupa. Baadaye maji hupanda nyasini, na kambale huyafuata kwenda kuzaa. Jirani zetu wa Zambia hufunga uvuvi kwenye maji yao mengi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Fundi wa kweli hangoji tangazo. Akikuta kambale wamejaa mayai kwenye majani yaliyofurika, hukunja uzi wake. Kwa hiyo anayetaka kumfundisha mtoto kazi hii amlete Septemba, ampe mwanzi na mnyoo, na amfundishe mambo mawili kwa pamoja: namna ya kumpata samaki, na samaki gani wa kumwacha. Asiyejua la pili bado hajajifunza la kwanza.