Adam Shafi na Miaka Isiyosemwa

Sisi tunaomlaumu Adam Shafi kwa siasa nyingi tunasahau maisha aliyoyapitia. Kijana wa Unguja aliyesafiri hadi Ulaya, akawa mwandishi wa habari, kisha akatiwa kizuizini baada ya kuuawa Mzee Karume mwaka 1972. Katika Kuli (1979), riwaya ya mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948, Rashidi, tusifichane, huhutubia mno. (Sisi mainjinia hatupendi kuelezwa jambo mara mbili.) Haini (2003) ni nyingine kabisa: kifungo amekionja mwenyewe, na hofu anaiacha ijisemee. Wazee wetu wengi, ukiwauliza habari za miaka ile, hubadilisha mazungumzo. Tuliisoma Haini huku ughaibuni, ndipo tukaelewa kwa nini walinyamaza.