Doa Lisilosogea

Asubuhi, kabla injini haijawashwa, mwalimu wa urubani humpa mwanafunzi wake kitambaa safi na kumwambia afute kioo cha mbele mpaka king'ae. Mwanafunzi mgeni hudhani ni usafi tu. Mwalimu anawaza jingine. Ndege mbili zikiwa njiani kugongana, na hakuna inayobadili mwendo wala mwelekeo, kila moja huonekana kwa mwenzake kana kwamba imebandikwa kiooni. Haiendi kushoto wala kulia. Ni doa dogo, lisilo na tofauti na mdudu aliyegandia pale tangu jana. Mabaharia wanalijua hili tangu kale: chombo kinachokaribia huku kikionekana upande ule ule ndicho cha kuogopwa.

Jicho la binadamu hushtushwa na kinachosogea. Rubani hana budi kulifunza lishtuke kwa kilichotulia.

Ufundi huo hauna mbwembwe, na pengine ndiyo sababu husifiwa mara chache kuliko kutua vizuri. Macho hayarandishwi angani ovyo, kwani jicho lililo mbioni halinasi kitu kidogo. Anga hugawanywa vipande vya nyuzi 10 hivi, na kila kipande kikapewa sekunde nzima ya kutazamwa. Kichwa nacho husogezwa mbele na nyuma, maana nguzo nyembamba ya mlango inatosha kuificha ndege nzima, na doa lisilosogea litaendelea kujificha hapo hadi mwisho. Kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, bawa liko juu ya kichwa. Ndege ikilala ili ikate kona, bawa hilo huziba upande ule ule inakoelekea. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuliinua kidogo kwanza, achungulie chini yake, kisha atamke kwa sauti: "Kushoto kweupe." Ndipo akate kona. Atayasema maneno hayo mara mia, hadi mkono ukatae kugeuza usukani kabla macho hayajapita.

Muda wenyewe ni finyu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hukadiria kwamba tangu rubani aione ndege nyingine, aitambue, aamue la kufanya, na ndege yake iitikie, hupita sekunde 12.5. Ndege mbili za mafunzo zikikabiliana, kila moja ikienda kilomita 200 kwa saa, humeza karibu mita 1,400 katika muda huo. Kwa umbali huo mabawa ya Cessna, mita 11 kutoka ncha hadi ncha, hayazidi punje ya mchele iliyoshikwa kwenye mkono ulionyooshwa.

Macho yanahitaji kusaidiwa, basi, na msaada wake ni utaratibu: kila anayezunguka uwanja apite njia ile ile, kwa kawaida kimo cha futi 1,000 hivi juu ya ardhi, na aseme redioni alipo. Hata hivyo utaratibu una mianya. Watsonville, California, ni uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege. Alasiri ya tarehe 18 Agosti 2022, rubani aliyekuwa peke yake kwenye Cessna 152 alikuwa akizunguka, akigusa ardhi na kupaa tena. Nyuma yake ikaja Cessna 340 ya injini mbili, imenyoosha moja kwa moja kutoka mbali, kwa kasi iliyopita kiasi. Wote wawili walikuwa wakizungumza redioni. Yule wa ndege ndogo aliiona, akasema inamjia kasi, akaanza kujiondoa. Walikufa watu watatu. Waliambiana walipo, ila mmoja hakumwachia mwenzake muda wa kuyatumia maneno hayo.

Mnara nao hauondoi hatari yote. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una waongoza ndege, na anga yake ina msongamano: wanafunzi, watalii waendao mbugani na pwani, madaktari warukao wa AMREF. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44 iligongana hewani na Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Ile ndogo iliangukia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wakafa.

Siku hizi kuna skrini zinazoonyesha ndege za jirani, nazo zimeokoa watu. Lakini skrini humvuta mwanafunzi ndani, na mambo yako nje. Baadhi ya walimu huchukua kipande cha karatasi wakafunika saa za dashibodi, wakamwacha kijana arushe ndege kwa upeo wa macho, kwa sauti ya injini, na kwa nafasi anayoiona kati ya pua ya ndege na ardhi. Mwanzoni hutoka jasho.

Mzunguko wa tatu, wa nne. Mwalimu anaeleza habari za upepo, na mwanafunzi anamkatiza: "Ndege, kulia, chini kidogo." Wananyamaza wote wawili. Mwanafunzi anaegemeza kichwa mbele, anakirudisha, anahakikisha si uchafu wa kioo. Doa linateleza taratibu kuelekea nyuma, linapita nguzo ya mlango, linatokeza upande wa pili likiwa na mabawa. Mwalimu anarudi kwenye habari za upepo.