Mkao Juu ya Farasi Anayejikwaa

Farasi akijikwaa, lawama zote humwendea yeye: mvivu huyu, hatazami anapokanyaga. Na kweli mara nyingine kasoro iko kwake. Ncha ya kwato ikiachwa irefuke, mguu huchelewa kuinuka na kugonga ardhi. Ndiyo maana fundi wa kwato huitwa kila baada ya wiki sita hadi nane hivi. Farasi anayejikwaa hata kwenye uwanja laini aonwe kwanza na fundi huyo, na daktari wa mifugo pia. Wakishasema ni mzima, ndipo tumgeukie aliyekaa juu ya tandiko.

Hata akisimama bila mtu mgongoni, farasi hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, maana kichwa na shingo viko upande huo. Sasa mpandishe mtu mwenye wasiwasi, aliyeinama akichungulia chini kuona kama mnyama atajikwaa tena. Miguu iliyokwisha kulemewa anaiongezea mzigo, tena mzigo usiotulia. Aliyewahi kujitwika ndoo kichwani anajua jinsi maji yanayochezacheza yanavyochosha shingo kuliko ndoo iliyojaa ikatulia.

Ufundi wa mpandaji huonekana pale pale farasi anapojikwaa. Goti la mbele linakunjika, bega linazama, shingo inashuka ghafla. Shingo hiyo ndiyo anayojisawazishia: huinyoosha mbele na chini, kisha huiinua ili uzito urudi nyuma na mguu mwingine upate nafasi ya kukanyaga. Mpandaji mwoga huvuta hatamu, lijamu likakaza mdomoni, na shingo ikafungwa wakati inapohitajika kuliko wakati wowote. Aliyefunzwa hulegeza vidole, hatamu zikateleza. Kiwiliwili kimebaki wima, visigino chini, magoti hayabani. Farasi akishapata miguu yake, hatamu zinakusanywa polepole, bila adhabu wala makelele. Aliyekuwa akitazama kando ya uzio huenda asijue kuwa kuna lililotokea.

Hayo hayafanyiki kwa kufikiri, maana nafasi ya kufikiri haipo. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi jijini Vienna, ambayo ukumbi wake wa mazoezi ulikamilika mwaka 1735, mwanafunzi mpya huwekwa juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, naye hapewi hatamu wala vikuku vya kukanyagia. Mkufunzi anasimama katikati, farasi anakwenda matiti, na mwanafunzi anarushwarushwa miezi kwa miezi mpaka kiuno chake kikubali kufuata mgongo wa farasi badala ya kushindana nao. Mimi naona kunyimwa hatamu ndiko kunakomfunza zaidi: hawezi kuzoea kujishikilia kwenye mdomo wa mnyama.

Mwitaliano Federico Caprilli, afisa wa jeshi la wapanda farasi aliyefundisha Pinerolo, alionekana kama mwasi aliposema kuwa wakati wa kuruka kiunzi mpandaji ainame mbele na kufuata mwendo, badala ya kujilaza nyuma na kuvuta kama ilivyokuwa desturi. Alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, akiwa na miaka 39, lakini leo warukaji viunzi duniani kote hukaa alivyofundisha. Wa Vienna hukaa wima, wa Caprilli huinama. Penye shingo ya farasi hawagombani, wote wanataka iachwe huru.

Kumsaidia anayejikwaa, basi, ni kazi ya wawili. Kupanda milima taratibu humtia nguvu miguu ya nyuma. Kusimama na kuondoka mara kwa mara humzoesha kuurudisha uzito nyuma. Kisha kuna dawa niipendayo, miti iliyolazwa chini uwanjani, nafasi ya hatua moja kati ya mmoja na mwingine. Farasi hujifunza mwenyewe kuinua kwato, kwa sharti kwamba aliye juu atazame mwisho wa uwanja na kazi ya kuhesabu miti amwachie mwenye miguu minne. Wanagenzi wengi hawafiki mbali: mti wa pili tu, kidevu kimeshashuka, na mkufunzi anawarudisha mwanzo.