Vumbi la Wapi? Maoni Juu ya Istilahi za Vumbi Lililo Nje ya Dunia

Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi chache zinazotumiwa na wafasiri wanapoandika habari za chembe ndogo ndogo zilizotapakaa nje ya angahewa ya dunia. Mfasiri mmoja huandika "vumbi la anga", mwingine "vumbi la nyota", na wa tatu "vumbi la kosmiki". Yamkini msomaji akadhani kuwa tofauti hizi ni za mapambo tu. Sivyo. Kila moja inasema jambo lake, na si kila jambo hilo ni la kweli.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, na mahali pazuri pa kulitazamia ni Kariakoo. Mwenye duka la nafaka hachanganyi punje na chenga, wala chenga na pumba, wala pumba na unga. Kila kimoja kina bei yake, na kwa hiyo kina jina lake. Vumbi nalo lina matumizi yake. Katika Mtaa wa Msimbazi wakati wa kiangazi husemwa "vumbi la barabarani". Kwa fundi seremala kuna "vumbi la mbao". Na mchuuzi wa dawa za kienyeji ana "vumbi la Kongo", dawa ya unga ambayo wanunuzi huiulizia kwa sauti ya chini. Mifano hii mitatu inafanana kwa umbo lakini haifanani kwa maana. Katika wa kwanza, "la" inataja mahali vumbi lilipo. Katika wa pili, kitu lilichotokana nacho. Katika wa tatu, nchi ambako yasemekana limetoka. Muuzaji na mnunuzi hawakosani, kwa sababu kitu kiko mbele ya macho yao. Msomaji wa kitabu cha sayansi hana kitu mbele yake. Ana neno tu.

Tuanze na "vumbi la anga". Neno "anga" limebebeshwa mizigo mingi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga husimamia ndege zirukazo katika hewa hii tunayoivuta. Waandishi wa habari nao hutaja "anga za juu" kwa maana ya mahali zipitapo setilaiti. Mtumishi wa serikali akipokea waraka unaotaja hatari ya "vumbi la anga", hatajua kama unamhusu rubani au unahusu vyombo vya utafiti. Vumbi la jangwani na majivu ya volkano huweza kudhuru injini za ndege. Kuzichanganya hatari hizo na chembe zilizo mbali na dunia si kosa dogo.

"Vumbi la nyota" lina dosari nyingine. Sehemu kubwa ya vumbi lililo baina ya sayari zetu hutokana na nyotamkia na kugongana kwa asteroidi. Na nyotamkia, licha ya jina lake, si nyota. Hata Kiingereza kimeteleza hapa. Mwaka 1999 Marekani ilirusha chombo kilichopewa jina la Stardust, yaani vumbi la nyota. Mwaka 2004 kilipita karibu na nyotamkia iitwayo Wild 2, na mwaka 2006 kikarudisha duniani chembe zake. Wataalamu walipozichunguza waliona kuwa nyingi zilifanyika humu humu katika mfumo wa Jua letu. Zilizozaliwa na nyota nyingine zilikuwa chache mno. Jina la chombo ni jina tu, na libaki kama lilivyo. Lakini mfasiri anayeligeuza kuwa istilahi hurithi na kosa lake. Chembe za nyota zilizotangulia Jua letu zipo kweli, nazo zimepatikana ndani ya vimondo. Hizo ndizo zinazostahili jina la "vumbi la nyota".

Ama "vumbi la kosmiki", haisemi uongo, ila haimwelezi chochote asiyejua Kiingereza. Wapo watakaopendekeza "vumbi la ulimwengu". Lakini mswahili akiyasikia maneno hayo atatazamia mawaidha juu ya dunia danganyifu, si somo la fizikia.

Jambo jingine ni "kimondo". Pwani neno hili ni ule mwale upitao usiku, na aghalabu mwale huo hutokana na chembe isiyozidi punje ya mchanga. Huko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, kimondo ni bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Baina ya hivi viwili kuna chembe zinazofika ardhini bila kuungua zote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, wa chembe zilizookotwa katika theluji ya Antaktika, ulikadiria kuwa tani zipatazo 5,200 huanguka duniani kila mwaka. Baadhi yake, bila shaka, huangukia mabati ya Kariakoo, na hapo jina linalotaja mahali halifai tena, kwa maana vumbi limekwisha hama.

Isitoshe, lugha yetu imekwisha kulitambua vumbi hili kwa nuru yake. Mafakihi hutenganisha alfajiri ya uongo, nuru hafifu isimamayo wima, na alfajiri ya kweli itandaayo upeoni. Katika ya kwanza mfungaji bado yuaweza kula daku. Nuru hiyo ya kwanza ni mwanga wa Jua unaotawanywa na vumbi lililo baina ya sayari. Taa za jiji zimeificha, lakini mwalimu anayefundisha somo hili asiache kuitaja. Hata hivyo haifai kuwa istilahi kamili, kwa kuwa nuru hiyo huonekana pia baada ya magharibi. Kwa hiyo "mwanga wa buruji" utumike kwa zote mbili.

Hivyo basi twapendekeza: "vumbi la anga-nje" kwa jumla, "vumbi la baina ya sayari" na "vumbi la baina ya nyota" kwa mahali lilipo, "vumbi la nyota" kwa lile lililozaliwa na nyota tu, na "chembe za vimondo" kwa lililokwisha kuanguka. Walimu watalalamika kuwa "baina ya" inarefusha. Ni kweli, lakini silabi hizo nne ndizo zinazomwambia mwanafunzi vumbi liko wapi. Zikiondolewa, itabidi akisie.